Aliyepewa Mahindi Apukuchue

Nilifika Endasak na sanduku moja, kanga sita na viatu vya wazi. Mimi ni mtu wa Pangani. Barua ya ajira iliposema Hanang, sikujua hata kama Hanang ni mlima, mpaka asubuhi ya kwanza nilipofungua dirisha la nyumba ya walimu nikaukuta umesimama pale, umejifunika ukungu. Wiki nzima nililala na sweta mbili na soksi, nikimlaani kila mtu aliyeigusa barua ile. Leo nimerudi kwetu, feni inazunguka juu ya kichwa changu, na baridi ile naililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Nilifundisha Historia, Kidato cha Pili. Walikuwa watoto wa miaka kumi na nne, kumi na tano, wengi wao wa wakulima wa mahindi na maharage wa pale pale mteremkoni. Walikuwa na adabu mpaka inachosha. Mimi nimelelewa kwa salamu, lakini salamu za kule zilinishinda. Mtoto akikutana na mtu mzima njiani anasimama kabisa, anatoa shikamoo yake, anasubiri marahaba, anaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za babu mgonjwa, anajibu zote, ndipo anaendelea na safari. Nilishawaambia mara nyingi kwamba kengele ya shule haisubiri ng'ombe waulizwe hali. Walicheka, na kesho yake wakachelewa tena.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na jambo limenikaa kooni. Bibi yangu aliyenilea alikuwa ameanza kuugua kifua, na mimi nilikuwa bado sijapata kutoka kwake neno nililolitaka maisha yangu yote. Nilitaka aniambie mama yake alitoka wapi. Nyumbani kwetu habari hiyo haikuguswa. Nilichokuwa nacho ni makombo tu: jirani aliyeropoka siku ya ugomvi wa kisimani, na shangazi yangu ambaye posa yake ilivunjwa kwa sababu upande wa mwanamume walisema hatujulikani asili yetu. Kwetu mtu akisema hivyo, kila mtu anaelewa anasema nini. Nilipomuuliza bibi, jibu lilikuwa lile lile tangu niko darasa la nne. "Funika kombe mwanaharamu apite." Nilihofia atalifunika kombe hilo mpaka kaburini.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo tulipofika kwenye mada ya utumwa. Kitabu kilikuwa na kurasa za minyororo na misafara na masoko, watoto wananakili huku wamelala nusu. Nikaona hapana. Nikakifunga, nikawaambia leo tutasoma habari za waliotoroka. Nikawaeleza kwamba huko Amerika walikuwapo watu waliowapitisha watoro nyumba kwa nyumba, kutoka mashamba ya kusini mpaka kaskazini kwenye uhuru, na kwamba hata pwani yetu watoro walikuwa na vijiji vyao vya maficho na watu wa kuwapokea. Halafu nikauliza, kwa nini kila mwenye nyumba alijua nyumba moja tu inayofuata, hakuijua njia nzima?

Nikarudia swali. Mvulana mmoja mrefu wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida nilimwona yuko hai saa ya mpira tu, akanyoosha mkono.

"Madam, ni kama ng'ombe za babu."

Darasa likacheka. Nikawanyamazisha, ingawa na mimi kicheko kilikuwa kimefika mdomoni. "Ng'ombe za babu zimefanyaje?"

"Hazikai nyumbani zote. Mbili ziko kwa rafiki yake kule Gitting, moja iko kwa mtu wa Mbulu, nyingine sijui. Kila mtu anajua ile aliyopewa kukaa nayo. Ugonjwa ukija, au mwizi, hazipotei zote."

Kicheko changu kikarudi kilikotoka. Kumbe darasa zima walikuwa na ng'ombe wanaolala nyumba za watu, na habari hiyo waliijua kabla hawajaota meno ya pili. Mimi nimekaa na kitabu siku tatu natafuta mfano. Nikafuta ubao, nikachora ng'ombe, na ng'ombe wangu wakawachekesha zaidi kwa sababu walifanana na meza.

Katikati ya vicheko hivyo msichana mmoja wa mbele akaniuliza swali. Alikuwa mdogo kwa umbo, mwenye sauti ndogo, mtu wa kunyamaza mpaka umsahau.

"Madam, wale waliofika, watoto wao wako wapi sasa?"

Nilikuwa na chaki mkononi. Nikamwona bibi yangu, nikamwona shangazi na posa yake, kisha nikausikia mdomo wangu unasema, "Sijui. Na hilo haliko kwenye mtihani." Mtoto akainama akaandika kwenye daftari lake: hatujui. Nililiona neno lenyewe nilipopita kukusanya madaftari, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mwanafunzi.

Nadhani ni kwa sababu ya aibu hiyo nikabuni mchezo. Nilimfuata mkuu wa shule, nikamwambia nataka kuitumia Ijumaa mchana, saa ya michezo, watoto wauone mtandao wa watoro kwa miguu yao. Akanitazama juu ya miwani. "Hili liko kwenye silabasi?" Nikasema liko. Akajua naongopa, akaniruhusu.

Nikazunguka na mwenyekiti wa kitongoji, nikaomba nyumba tano. Kila mwenye nyumba aliambiwa nyumba moja tu inayofuata. Watoro walikuwa wawili, yule mvulana wa ng'ombe za babu na yule msichana wa swali. Watoke shule, kila mmoja kivyake, wapite nyumba hizo tano, wafike kanisani barabara ya chini bila kukamatwa. Viranja wa darasa na wenzao ndio wawindaji. Wale wengine niliwagawa kwenye nyumba tano wasaidie kupokea. Mimi nikaenda kukaa kwenye ngazi za kanisa na saa yangu, nimejifunga kanga kichwani, najiona mkubwa.

Haikupita nusu saa nikawaona viranja wanateremka na yule mvulana, wamemshika mikono, wote wanacheka mpaka wanayumba. Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Alikuwa amejificha katikati ya mahindi, mahindi marefu kumpita, hakuna mwindaji ambaye angemwona hata kwa bahati. Mzee mmoja akapita njiani na fimbo yake. Mtoro wangu akatoka kwenye mahindi, akasimama barabarani, akasema shikamoo babu. Mzee akaitikia, akaanza kuuliza habari, na mtoro akabaki pale anajibu moja moja. Viranja walipofika walimkuta kwenye habari za shangazi aliyelazwa Haydom. Na wao wakatoa shikamoo, wakasubiri mzee amalize, ndipo wakamkamata.

"Wewe ni mtoro," nikamwambia, na nilikuwa nimekasirika kweli. "Mtoro anatokaje maficho kwenda kusalimia?"

"Sasa Madam, ningempitaje mzee?"

"Hakukuona!"

"Mimi nilimwona."

Nikamwambia akae chini, na nikageuza uso ili asinione nacheka.

Hasira iliyobaki ikaisha yenyewe, kwa sababu msichana hakuja. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Nikatuma watoto kwenye zile nyumba tano. Mbili za kwanza walimwona, ya tatu hakufika. Viranja wakaapa kwamba hawajamtia machoni. Ukungu ukaanza kushuka kutoka mlimani, na mimi nikaanza kuwaza makorongo na mawe, na baba yake aliyenipa mkono kwenye kikao cha wazazi akasema mtoto huyu ni wako. Nilitembea mteremko ule na viatu vya mjini nikiita jina lake mpaka sauti ikakauka. Niliomba dua zote ninazozijua, nyingine nikazikosea.

Kwenye saa kumi na mbili hivi, jua likiwa linaishia, tukaona mtu anateremka polepole. Alikuwa bibi kizee, amevaa shuka na makoti mawili, amemshika mkono yule msichana. Msichana alikuwa mzima, tena ana ugali mdomoni.

Bibi yule Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kile kidogo alichokuwa nacho kilinitosha. Kabla sijamaliza shikamoo yangu akasema, "Wewe mwalimu, unawinda watoto?"

Ndipo tukaelezwa. Nyumba ya bibi huyu haikuwa kwenye orodha yangu. Hakuna aliyemwambia habari za mchezo. Alikuwa ameketi uani na wajukuu zake wanapukuchua mahindi, akamwona mtoto anakuja mbio anatazama nyuma, na chini huko wakubwa kwake wanamkimbiza. Hakuuliza kitu. Alimvuta, akamfunika shuka kichwani, akamkalisha kati ya wajukuu na kumwekea kikapu cha mahindi mapajani. Viranja walifika wakati magunzi mawili yameshatupwa chini. Wakasimama, wakasema shikamoo bibi, wakaulizwa habari za nyumbani, wakajibu zote, wakaenda zao. Walipita hatua mbili kutoka kwa mwenzao wa darasa na hawakumjua, kwa sababu nani anamtazama mtoto anayepukuchua mahindi?

"Kwa nini hukumwambia ni mchezo?" nikamuuliza msichana.

"Nilimwambia, Madam. Hakuniamini. Akasema nimalize kikapu kwanza, wale watu waende mbali." Akafikiri kidogo. "Na kikapu kilikuwa kikubwa."

Nikamwomba bibi radhi. Nikainama mpaka kanga ikanianguka. Akanitazama bila kucheka, akaokota kanga yangu, akanipa, akapanda mteremko kurudi kwake. Baba wa mtoto nilimfuata jioni ile ile, na aliyoniambia niliyastahili.

Jumapili asubuhi nikampigia bibi yangu. Mtandao ulikuwa unashika vizuri nyuma ya tangi la maji la shule, nikakaa pale kwenye jiwe na sweta zangu. Baada ya salamu nikamsimulia yule mvulana aliyetoka maficho kusalimia. Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikajuta. Kisha nikamsimulia ya msichana na bibi wa mahindi. Hapo hakucheka.

"Alimpa nini?"

"Mahindi, bibi. Apukuchue."

"Na hakumuuliza ni mtoto wa nani?"

"Hakumuuliza."

Nikadhani simu imekatika. "Bibi, unanisikia?"

"Nakusikia," akasema. "Mama yangu alipewa mchi."

Nilisimama kwenye lile jiwe. Sikusema kitu, maana nilijua nikipumua vibaya atafunika tena. Akaendelea mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya zamani. Mama yake alikuwa mtoto wa kununuliwa, katika shamba la miwa huko mtoni, zamani za Mjerumani. Alikimbia akiwa binti mdogo, hajavunja ungo. Asubuhi alitokea kwenye nyumba ambayo mwanamke alikuwa anatwanga. Mwanamke yule akamtazama miguu, akampa mchi wa pili. Waliokuwa wanamtafuta wakaja, wakapiga hodi, wakawaona wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja, wakauliza, wakajibiwa hakupita mtu, wakaondoka. Siku ya pili akatwikwa mzigo wa kuni akapelekwa nyumba nyingine, aonekane anatoka kuokota. Huko akapewa mtoto wa kubeba mgongoni. Kila nyumba ilimpa kazi. Ya nne akakaa, akakua, akaolewa.

"Yule wa mchi, mama hakulijua hata jina lake," bibi akasema. "Kila akitwanga alikuwa akimtaja, mwanamke wa kinu. Alitamani kurudi amshukuru. Angerudije? Amekufa na deni hilo, na mimi nilikuwa naelekea kufa nalo."

Nililia, sina haja ya kuficha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema, "Ulimwona shangazi yako." Basi.

"Bibi, kuna mtoto darasani aliniuliza. Naweza kuwaambia?"

"Wako wangapi?"

"Arobaini na wawili."

"Wengi hao." Akakohoa, akapumzika. "Waambie. Nimechoka kushikilia kombe." Kisha, kabla sijakata simu, akaniuliza, "Huyo mama wa huko, umemshukuru?"

"Nimemwomba radhi."

"Radhi na shukrani ni vitu viwili, mwanangu. Ngoja nitatuma kitu."

Jumatatu niliingia darasani mikono mitupu, mimi niliyezoea kuingia na fimbo na maneno. Nikawaambia kwamba wiki iliyopita niliwadanganya. Nikamwambia yule msichana, uliuliza watoto wao wako wapi. Mmoja yuko Pangani, ni bibi yangu, anaumwa kifua. Mwingine ndiye huyu anayewasumbua na mazoezi ya nyumbani. Nikawasimulia yote, mchi, kuni, mtoto wa mgongoni. Yule msichana alifungua daftari lake nyuma, akatafuta ule ukurasa, akafuta neno lake kwa kifutio taratibu, akapuliza vumbi.

Yule mvulana mrefu akanyoosha mkono. "Madam, na yule mwanamke wa mchi, wajukuu zake wako wapi?"

"Sijui," nikasema, na safari hii nilikuwa nasema kweli.

Kifurushi cha bibi kilifika kwa basi baada ya wiki mbili, kimezungushiwa kamba kama mtu anapeleka dhahabu. Ndani yake ilikuwamo doti moja ya kanga, nyekundu na nyeupe, bado ina harufu ya sanduku lake. Nilijua ni ile aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya arusi yangu. Hakuiona arusi hiyo. Alifariki mwaka uliofuata, na nilisafiri siku mbili nikawahi kumwosha.

Nilipanda kwa yule bibi wa mahindi siku ya Jumamosi, na msichana akanifuata ili anitafsirie. Tulimkuta uani pale pale, na wajukuu wale wale, na rundo la mahindi ambalo sikuona kama limepungua. Nikatoa shikamoo, nikajibu habari zote mpaka mwisho, bila kuruka hata moja. Kisha nikampa kanga kwa mikono miwili nikasema imetoka kwa bibi yangu. Akauliza bibi yangu anamjulia wapi. Nikamwambia msichana amweleze habari ya mchi, na akaieleza kwa Kiiraqw, lugha yao, kirefu, na mikono. Akafika mahali akaonyesha kutwanga, na wajukuu wakaacha mahindi wakasikiliza.

Yule bibi aliuliza swali moja.

"Anasema, huyo binti alifika?"

"Mwambie alifika."

Msichana akamwambia. Bibi akaitikia kwa kichwa, akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani na ile kanga. Alikaa huko kidogo. Alipotoka alikuwa na kikapu cha mahindi, akaja mpaka niliposimama, akakiweka mbele ya miguu yangu, akarudi kukaa kwenye kigoda chake.

"Amesema nini?" nikamuuliza msichana.

"Hajasema kitu, Madam. Amekupa mahindi."

Nikavua saa, nikakaa chini kati ya wajukuu, nikaanza kupukuchua.